Nilicheza Dansi na Asumani

Baba,

Amani ikufikie hapo ulipo. Nianze na lililo baya, nisilizunguke: nimecheza dansi na Asumani. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake, mbele ya mji mzima, nami nilikuwa nacheka. Usinigeuzie uso. Nisikilize mpaka mwisho kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikitoka shule, umekalia ndoo iliyopinduliwa, unajifuta grisi vidoleni kwa kitambaa ambacho chenyewe kilikuwa grisi tupu.

Naandika mchana. Mama amejinyoosha kitandani. Dirisha nimelifunga ingawa joto la leo linaunguza, maana siku hizi tunafunga dirisha hata tunapokula wali wetu. Sikuwahi kukuandikia kabla ya leo kwa sababu sikujua kama nitakuwa nazungumza na mtu aliye hai au na marehemu. Sasa najua.

Wewe unajua ulichukuliwa kwa nini, lakini acha nikiseme, kwa kuwa humu ndani hakuna anayethubutu kukisema. Uliondoa treni kwa saa yake. Mukubwa mmoja wa Chama alikuwa bado anakunywa chai kwa rafiki yake, akatuma mtu stesheni aje kusema angojwe. Wewe ukaangalia abiria wa Kibombo, wagonjwa wao, kuku wao, watoto wao juani, ukapiga honi ukaondoka. Uliporudi Kindu, alfajiri ya pili yake, Asumani alibisha hodi. Asumani mtoto wa jirani, uliyesoma naye Kurani chuoni, niliyemwita Baba mudogo tangu nilipojua kusema. Alikuwa amekwisha kuwa mtu wa usalama, sote tulijua, na sote tulijifanya hatujui. Alivua viatu mlangoni. Akangoja umalize sala. Kisha akasema, "Kaka, wanakuita kidogo tu. Maulizo." Ukatoka naye bila hata kunywa kahawa.

Nyumba ya reli wakatunyang'anya mwezi uleule. Tuko katika nyumba aliyoiacha marehemu Bibi, mtaa wa Mikelenge, chumba kimoja na baraza. Mdogo wangu Salumu aliacha shule, akaenda machimbo ya Kama kuchimba dhahabu pamoja na vijana wengine, na anatutumia salamu kwa midomo ya wachuuzi, na kila mchuuzi anatuletea Salumu mwingine: mmoja anasema amenenepa, mwingine anasema anakohoa. Majirani hawaji. Siwalaumu. Hata mimi, jirani yangu angechukuliwa, sijui kama ningekwenda kwake.

Mama yeye alikwenda ofisini kwa watu wa usalama kila Ijumaa, amebeba chakula chako kwenye bakuli lenye kifuniko. Kila Ijumaa walimwambia, "Haiko hapa." Siku moja wakampa kofia yako ya kazi na mkanda, wakasema ulikufa kwa homa. Akauliza mwili uko wapi. Wakasema hawajui mambo ya mwili. Mama akarudi, akaiweka kofia juu ya kabati, na Ijumaa iliyofuata akabeba bakuli akaenda tena. Hakukaa eda. Alisema hawezi kumlilia mtu kwa sababu ya mkanda.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa, Baba, wakati wale wacheza dansi walipokuja.

Walikuwa Wazungu, wanaume na wanawake, wameingia kwa treni ya kutoka kusini na masanduku marefu ya nguo. Walizunguka nchi kwa mwaliko wa wakubwa, wakionyesha zile dansi za kushikana wawili wawili: valsi, tango, cha-cha, samba. Direkta wa shule yetu alitukusanya walimu wote mbele ya picha ya Mwongozi, rais wetu. "Kila mwalimu atakuwa pale, na kitenge kizuri," akasema. "Mwenye kukosa, si kwangu atakakojieleza." Alisema hivyo akiangalia ukuta, lakini mimi nilijua maneno yananijia.

Nilimwambia Mama siendi. Nitasema naumwa. Nyumba yenye msiba usio na kaburi itakwendaje kutazama dansi? Mama alikuwa anapuliza makaa ya pasi. Hakuinua kichwa.

"Utaenda," akasema. "Wakikukosa kule, watakuja kukutafuta huku."

Akaninyooshea kile kitenge cha kijani ulichoninunulia nilipopata diploma.

Onyesho lilikuwa katika sinema ya zamani ya watu wa reli, palepale ulipotupeleka mimi na Salumu kuona picha za farasi na bastola. Viti vilevile vya mbao. Lakini milangoni walisimama askari jandarme, na tulipokwisha kuingia walifunga. Nilisikia komeo la chuma likishuka. Nikakaa katikati ya walimu wenzangu, na hakuna aliyeongea isipokuwa juu ya mvua. Tulisimama Komisere, mkubwa wa serikali hapa kwetu, alipoingia. Tuliimba na kupiga makofi kwa animasio, zile nyimbo za kukisifu Chama, mikono juu, viuno huku na huku, mpaka jasho likanitoka mgongoni. Nilipokaa ndipo nilipomwona Asumani. Alikuwa safu ya mbele, amevaa abakosti, lile koti la Chama lisilo na kravati, ya rangi ya majivu, nyuma kidogo ya kiti cha Komisere. Shingo yake ilikuwa imenenepa. Nikaanza kuiangalia ile shingo na sikuweza kuiacha.

Muziki ukaanza, na wale watu wakatoka. Baba, wanaume walikuwa wamefunga kravati za kipepeo! Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Sisi tumekatazwa kravati miaka yote hii, watu wamevuliwa njiani kwa kuvaa kravati, na hawa wamesimama nazo mbele ya Komisere, nyeupe, zinang'aa. Mwalimu wa kando yangu akaniinamia, "Wao ni wageni." Kisha akanyamaza haraka kana kwamba hata hilo limezidi.

Walicheza valsi. Wanawake walivaa magauni mapana yanayoburuta, na walipozunguka magauni yalinyanyuka yakakaa hewani. Hawakugongana. Hakuna aliyeangalia miguu yake. Sikutaka kupendezwa, lakini nilipendezwa, na hapohapo nikakukumbuka wewe jikoni, redio imeleta cha-cha, umeshika birika la kahawa mkono mmoja na kiuno cha Mama mkono mwingine, unasema, "Muguu yangu iko na masikio yake, miye simo." Mama anakupiga na mwiko, anacheka, anasema kahawa inamwagika. Ilimwagika kweli. Nililia kidogo pale kitini, nikajifanya nimeingiwa na mdudu jichoni.

Walipotangaza rumba watu walijiweka sawa, maana hiyo tunaijua. Kumbe rumba ya Wazungu ni jambo jingine kabisa! Walinyoosha mikono kama watu wanaotafuta swichi ya taa gizani. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hii njo rumba?" Kicheko kikapasuka, kisha kikakatika ghafla, kila mtu akiangalia kisogo cha Komisere. Tulingoja. Mabega ya Komisere yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Basi ukumbi wote ukacheka upya, kwa nguvu, kwa muda mrefu kupita kiasi, na mimi nikacheka pamoja nao, na nikaona haya.

Mwishoni kijana mmoja wa Kinshasa, mwenye mikro ya kutangazia, akatangaza kwamba wageni watashuka kucheza na wananchi wa Kindu. Wacheza dansi wakaja kati ya viti. Nilijikunja. Lakini mmoja mrefu, poda imemchirizika mashavuni kwa jasho, akanishika mkono na kunivuta, na walimu wenzangu wakanisukuma kwa furaha, furaha ya kwamba si wao. Alikuwa mpole. Alinihesabia kwa Kifaransa, moja mbili tatu, nikamkanyaga, akatabasamu. Nikaanza kushika ile hesabu. Nadhani kama ingeishia pale, ningekuja kukusimulia jioni nzuri.

Kijana wa mikro akaita, "Tubadilishe! Kila mmoja na mwingine!" Yule Mzungu akanizungusha na kuniachilia, na mkono ulionipokea ulikuwa wa Asumani.

Baba, alikuwa amenishika sawasawa, kama mtu anayejua, mkono mmoja mgongoni. Nikakumbuka ulivyotuambia kwamba ujanani nyinyi wawili mlikuwa mnavuka mto kwenda kucheza dansi kule Alunguli.

"Baba mudogo," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

"Cheka, Asha," akasema. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka, meno yote nje. "Komisere iko natuangalia. Cheka."

Nikacheka. Nilivuta midomo nikaiacha hivyo.

"Ambia mama yako aache kuja ofisini. Kuko mukubwa mupya. Iko nauliza, ule mwanamuke wa bakuli njo nani, iko natafuta nini. Umesikia? Asikuje tena."

"Atakuja mpaka mumwonyeshe Baba."

Akanizungusha. Nilipita mbele ya Komisere nikiwa nimetoa meno, akanipigia makofi. Asumani akanirudisha karibu, mdomo wake sikioni kwangu.

"Iko ng'ambo. Njia ya Kampene. Ukipita tanuru la matofali, kuko muti wa mawese haina kichwa, radi ilikata. Chini yake, upande wa mutoni. Wengine wanatupwa, Asha. Yeye hapana. Miye njo nilimulaza. Ubavu wa kuume, uso Kibla. Nilisoma yote yenye nilijua."

"Mulimufanya nini?"

"Kifua. Kifua njo ilimumaliza." Macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa juu ya bega langu. "Cheka. Ukisema ni miye, tutakufa wote, weye wa kwanza."

Muziki ukasimama. Akaniinamia kama wale Wazungu walivyofanya, watu wakamshangilia, akarudi kukaa nyuma ya kiti cha Komisere. Mimi sikumbuki jinsi nilivyorudi kitini. Nakumbuka kwamba mashavu yaliniuma, na kwamba nilikuwa bado nacheka.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama kwa kunong'ona, mdomo wangu kwenye mtandio wake. Nilimwambia pia ninachokiogopa: kwamba huenda ni mtego, kwamba wametutuma kule ili watukamate njiani na kusema tulikwenda kukutana na waasi porini. Asumani alikuchukua kwa uongo mara moja. Kwa nini asituchukue sisi kwa uongo mwingine?

"Alisema Kibla?" Mama akauliza.

"Alisema Kibla."

"Na ubavu wa kuume?"

"Ndiyo, Mama."

Akavuta shuka akajifunika uso. Ijumaa ilipofika hakubeba bakuli. Jumamosi alichukua kapu na bidoni tupu, lile dumu letu la mafuta, akaniambia nivae viatu vya kutembelea.

Tulivuka kwa mtumbwi asubuhi. Mto ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya kahawa, na mpiga kasia aliuliza tunakwenda kwa nani. Mama akasema tunatafuta mawese, ng'ambo ni rahisi kuliko mjini. Baada ya Alunguli palikuwa na kizuizi, mti umelazwa barabarani, na jandarme mmoja kijana, macho mekundu. Akaangalia vitambulisho vyetu. Akaangalia jina lako kwenye changu. Nilihesabu vifungo vya shati lake ili nisimtazame usoni. "Munaenda kufanya nini?" Mama akainua bidoni. Akatupitisha.

Tulitembea. Kila mtu aliyekuja mbele yetu nilimwona ni wao. Mtu na baiskeli ya mihogo, wao. Mama na mtoto mgongoni, wao. Tanuru la matofali lilikuwa limezimika, nyasi zimeota mdomoni mwake. Na ule mchikichi tuliuona kutoka mbali, shina tupu, jeusi, limesimama kati ya wenzake wenye majani.

Ulikuwa pale, Baba.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta majani matupu na kurudi. Lakini palikuwa na tuta dogo, na mawe ya mtoni yamepangwa kuzunguka, na nyasi zilikuwa zimekatwa. Si zamani. Mashina yake yalikuwa bado mabichi. Mtu anakuja kukufyekea, na sote wawili tulijua ni nani, na hatukulitaja jina lake. Sijui nimfanye nini mtu huyo moyoni mwangu. Nimejaribu kumlaani, laana ikafika hapa shingoni ikakwama. Nimejaribu kumshukuru, nikatapika. Basi nimemwacha hivyo.

Mama alipiga magoti. Barabara ilikuwa karibu, tulisikia watu wakiongea wakipita, kwa hiyo hakuweza kulia. Aliingiza ncha ya mtandio mdomoni akauma, na mwili wake wote ulitikisika bila sauti, kama injini inayokataa kuwaka. Nilisoma Fatiha midomo ikitikisika tu. Nilisoma Yasini hadi pale ninapojua. Kisha Mama akauweka mkono wake juu ya udongo, akaupapasa kama alivyokuwa akikupapasa mgongo ukirudi safari umechoka. Akakwambia jambo. Sikulisikia, na sikumwuliza.

Katika kurudi, tulipokaribia kizuizi, niliona bidoni mkononi mwa Mama. Tupu. Tulikuwa tumesahau mafuta. Hatukuweza kugeuka, yule jandarme alikuwa amekwisha kutuona. Akaichukua, akaitikisa, haikulia. Akatuangalia mmoja mmoja. Magoti yetu yalikuwa na udongo mwekundu, mimi na Mama.

"Mafuta iko wapi?"

Mama akasema, taratibu kabisa, "Wamepandisha bei, mwanangu. Hatukuweza."

Yule kijana akatoa pumzi puani. "Kila kitu wamepandisha," akasema. "Wanatuua na njaa." Kisha uso wake ukabadilika. Niliona alivyoyasikia maneno yake mwenyewe. Akageuka kuangalia nyuma, akaangalia porini kushoto, kulia, akatuangalia sisi, na macho yake, Baba, yalikuwa macho yangu mimi. Aliogopa kwamba tutamsema. Mwenye bunduki ni yeye, lakini aliogopa. Akamrudishia Mama bidoni kwa mikono miwili. "Pita, mama. Pita mbio."

Tulipita.

Sasa Mama amekaa eda. Najua mashehe wanahesabu tangu siku ya kifo, lakini yeye amesema, "Mimi nahesabu tangu siku niliyogusa udongo," na hakuna aliyembishia. Watu wakiuliza, tunasema tumeyakubali yale maneno ya homa. Na jambo la ajabu, majirani wameanza kuja. Mwenye nyumba ya mbele alileta mchele. Mwingine alikuja akakaa barazani, hakusema neno lolote juu yako, akafunga uzi kwenye mkeka wetu uliochanika, akaondoka. Kofia yako Mama ameitoa juu ya kabati, ameipiga brashi, ameifunga ndani ya shuka nyeupe.

Asumani nilimwona mara moja. Alipita mbele ya shule ndani ya gari la jipi, pamoja na mukubwa mupya. Hakunitazama. Nilikuwa nimeshika chaki na iliniponyoka, na watoto wote wa darasa la tatu wakageuka kutazama barabarani kuona ni nini kimemwogopesha mwalimu.

Hofu haijaisha. Nataka nikwambie ukweli, kwa kuwa kwako sina la kuficha. Gari likisimama karibu na nyumba tunanyamaza sote wawili mpaka liondoke. Naogopa watajua tulikwenda. Naogopa wataniuliza nani alituambia, na sijui mwili wangu utavumilia hadi wapi kabla mdomo haujajibu. Naogopa pia kwamba Asumani, siku akiogopa zaidi kuliko sisi, atatutaja yeye. Lakini naogopa nikijua uko wapi. Zamani niliogopa nikikuona kila mahali, kwenye kila shimo, kwenye kila mfuko unaoelea mtoni. Hofu ya leo ni ndogo kidogo. Inaniachia nile.

Basi kwaheri, Baba. Pumzika upande wako wa kuume. Nitamtumia Salumu neno kwa mchuuzi ninayemwamini, neno moja tu atakaloelewa, aje, na nitamleta kwako kwa njia ileile, na safari hii tutanunua mafuta.

Na nakuahidi hili jingine. Mama hajakulilia bado. Amekulilia ndani ya kitambaa, hicho si kilio. Itakuja siku, sijui mwaka gani, chini ya nani, ambayo mtu ataweza kufungua mdomo njiani. Siku hiyo tutavuka mto na wanawake wote wa Mikelenge, tutasimama palepale barabarani, na tutakulilia kwa sauti mpaka Kindu wasikie ng'ambo.

Mwanao,
Asha